Mashine Iliyosema Tayari

Juzi mteja aliniletea stabilaiza ya friji iliyokaa stoo miaka mingi. Niliifungua, nikaichomeka kwenye umeme, na kabla sijashika kipimo changu vumbi lilianza kuungua juu ya transfoma. Harufu ikapanda: vumbi, vanishi ya waya, na utamu kidogo wa plastiki inayopata joto. Nyinyi wa rika langu mnaijua, ni harufu ya redio za zamani. Mimi hainipeleki kwenye redio. Inanipeleka kisiwani Nosy Be, kwenye ofisi ya mbao iliyonuka milangilangi, mbele ya kompyuta ambayo sijawahi kuona ya pili yake. Nilizima ile stabilaiza nikamwambia mteja arudi kesho. Kazi ya siku ile iliharibika.

Mimi si msomi. Niliacha shule darasa la nne, na sioni haya kusema. Ninatengeneza friji na viyoyozi hapa Mahajanga, na mabwana wenye vyeti ukutani huniletea vilivyowashinda, wakisimama mlangoni kana kwamba wanapita tu. Kiswahili hiki nilikiokota Unguja nilipokuwa nikifuata kompresa. Kwetu tulisema Kingazidja ndani ya nyumba, Kimalagasi nje ya mlango, na Kifaransa tulimwachia anayetaka kututisha. Kwa hiyo maneno ya watu nitakayoyaandika hapa hawakuyasema kwa lugha hii. Ila waliyasema.

Tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi, na mdogo wangu Nassuri aliyekuwa bado anatambaa. Yaliyowapata Wangazidja wa Mahajanga siku zile za mauaji siyaelezi. Waliokuwepo wanajua. Mama alipanda ndege kurudi kisiwani kwao Ngazidja, Nassuri mgongoni. Baba hakupanda. Mama yake mzazi alikuwa Msakalava, mwenyeji wa Nosy Be, na Baba akasema kule kwa ndugu zake hakuna atakayemgusa, akanichukua mimi. Nilimwuliza kwa nini mimi sikwenda na Mama.

"Nafasi ilikuwa ya mwenye mtoto wa kubeba," alisema. "Wewe una miguu. Nikitulia tu, nitakupeleka."

Nilikuwa na miaka minane. Neno hilo, nikitulia, nililishika kama ahadi ya kiapo, ingawa sikujua kutulia kunaonekanaje. Baba aliponunua kiti, nilidhani ametulia. Alipopaka chokaa chumba chetu nyuma ya nyumba ya bibi, mama yake, nilifunga nguo zangu kwenye kanga na kukaa kizingitini. Bibi akanicheka mpaka akashika mbavu.

Baba, ambaye watu walimwita Fundi Madi, alipata kazi ya boila na umeme katika shamba la milangilangi, mwendo wa nusu saa kutoka mji wa Hell-Ville. Mwenye shamba alikuwa vazaha, ndivyo tunavyowaita wazungu. Maua yalichumwa na wanawake alfajiri, yakatiwa katika mitungi mikubwa ya shaba, mvuke ukapita ndani yake, na mafuta yakatoka kwenye bomba tone kwa tone. Mafuta ya mwanzo si sawa na ya mwisho, na kazi nzima ni kujua wakati wa kubadilisha chupa. Wazee walijua kwa pua. Vazaha hakuamini pua ya mtu, akaagiza kompyuta kutoka kwao Ufaransa. Uipe joto la mvuke na uzito wa mafuta, nayo ikuambie bado, au badilisha.

Haikumfaa muda mrefu. Mashamba yakachukuliwa na serikali, vazaha akaondoka na masanduku mawili na mbwa. Mkurugenzi mpya alipofika alifunua turubai, akaizunguka ile mashine mara mbili, akamwuliza Baba kama inashika stesheni ya Antananarivo. Baba akasema haishiki. Mkurugenzi akairudishia turubai yake, na ufunguo wa ofisi ukabaki mfukoni mwa Baba.

Hivyo ndivyo tulivyoipata. Kila nilipotoka shule nilikwenda kiwandani, na boila ikishatulia Baba alifungua ofisi. Lilikuwa sanduku la chuma la kijivu, zito la watu wawili, na mbele yake safu ya swichi ndogo na taa nyekundu. Juu yake televisheni ndogo yenye herufi za kijani, mbele vitufe kama vya taipureta. Baba alikuwa na kitabu chake cha Kifaransa ambacho alikisoma kwa kidole, na pale kidole kiliposhindwa alichukua bisibisi.

Alinifundisha kufungua kitu kwa namna ambayo ninaitumia mpaka leo. Unachora umbo la kifaa kwa chaki sakafuni, na kila skrubu unayotoa unaiweka juu ya mchoro mahali ilipotoka. Ndani mlikuwa na bodi saba zimesimama wima kama vitabu. Nilizitoa mimi, mikono yangu ilikuwa midogo. Kila bodi ilijaa vidude vyeusi vyenye miguu ya fedha pande mbili, mfano wa tandu, na kati yao njia nyembamba za shaba zilizokata kona bila kugusana. Nyuma kulikuwa na transfoma kubwa kama nazi na feni iliyojaa mabawa ya nondo. Niliipuliza, nikasugua miguu ya kila bodi kwa kifutio cha shule. Baba alinitazama bila kusema. Kwa Baba hiyo ilikuwa sifa.

Wanawake wa kuchuma maua walipita dirishani na vikapu vyao. Mmoja, Soa, mdomo wake haukujua kufungwa.

"Fundi, umeoa televisheni?"

"Nimeoa."

"Haipiki hiyo!"

"Lakini hainung'uniki."

"Ngoja mama wa mtoto arudi," Soa akasema, "utanung'unika wewe." Wenzake wakacheka. Baba akafunga dirisha.

Mashine ilipowashwa iliandika neno moja, PRET, yaani tayari, na kimraba cha kijani kikawa kinakonyeza. Zaidi ya hapo haikujua kitu. Ilibidi ilishwe. Chakula chake kilikuwa kwenye kaseti, kaseti hizi hizi za muziki. Unachomeka waya kwenye tundu la kusikilizia la redio kaseti, unaandika CHARGER, yaani pakia, unaicheza. Siku moja niliicheza bila waya nisikie inakula nini. Ilitoka kelele kama paka wawili ndani ya pipa. Nilizima nikakimbilia nje, nikidhani vazaha ameacha jini lake.

Kulikuwa na kaseti mbili. Ya kwanza ilikuwa hesabu ya mafuta. Ya pili ilikuwa mchezo: mashine inaficha namba kati ya moja na mia, wewe unabahatisha, yenyewe inasema kubwa mno, ndogo mno, mpaka uipate iandike BRAVO. Wiki nzima nilibahatisha ovyo. Halafu nikagundua kwamba nikianza na hamsini, kisha nikawa nakata nusu, kisha nusu ya nusu, haiwezi kunikwepa zaidi ya mara saba. Hakuna mwalimu aliyenionyesha. Nikajifunza na neno LISTER, ambalo lilifanya mashine itapike kila ilichofundishwa, mstari kwa mstari. Nikatafuta mstari wenye BRAVO, nikaongeza jina langu. Siku hiyo iliandika BRAVO ZALI. Nilimwita Baba, nikamwita Soa, nikawaita mpaka wapakiaji wa kuni. Alasiri jenereta ilizimwa kama kawaida. Kesho yake mashine iliandika BRAVO peke yake.

"Imenisahau," nikamwambia Baba.

"Husahau kila kitu umeme ukikatika."

"Basi nani anaiambia iseme PRET?"

Baba akacheka kwa furaha ya kweli. Akafungua sanduku akatoa bodi ya tatu. Kidude kimoja hakikuwa kama wenzake. Juu ya mgongo wake palikuwa na kipande cha plasta, na Baba alipokiinua pembeni niliona kidirisha cha kioo, mviringo, kama uso wa saa ya mkononi, na chini yake mraba mdogo wa dhahabu.

"Maneno ya hapa hayafutiki," alisema. "Ukate umeme mwaka mzima, yapo. Ni jua tu linaloweza kuyafuta, ndiyo maana pamezibwa." Akaibandika plasta kwa kidole gumba. "Waliandika mara moja kiwandani, basi."

Mimi nilisikia lile la hayafutiki. Lile la kiwandani halikuingia.

Sasa nieleze habari ya barua zetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Siku zile Wangazidja tuliotawanyika tulikuwa tukiandikiana kwa kaseti. Mama hakujua kuandika, Baba aliona uvivu, na kaseti zilikuwa adimu. Kwa hiyo kaseti ilikuwa moja, yenye alama ya rangi ya kucha ya Mama pembeni. Mama anazungumza kule, msafiri anaileta, sisi tunaisikiliza sote, kisha Baba anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuzungumza juu ya yale yale. Anakohoa, anasema Bismillahi, na Mama anaanza kufutika. Kaseti inarudi na sauti yetu. Kule nao wanatusikiliza na kutufuta. Hakuna aliyeona vibaya, ndivyo watu wote walivyofanya. Mimi peke yangu niliona vibaya. Kila Baba alipokohoa kile kikohozi cha kuanzia, nilitoka chumbani.

Ndiyo maana niliwahi kumwuliza, mbele ya ile bodi, kama sauti ya Mama ingeweza kuingia kwenye kidirisha. Baba alikuwa amebana skrubu kwa meno. "Labda," akasema. Ni neno la mtu aliyebana skrubu kwa meno, lakini mimi sikuliacha.

Kaseti ya mwisho ilifika wakati wa mvua. Tuliisikiliza kwa bibi, redio kaseti juu ya kinu kilichogeuzwa. Mama alisalimia kwa majina, mmoja mmoja, kama ilivyo desturi. Alisema Nassuri anatembea na amemng'ata jirani. Bibi akacheka. Aliniuliza kama meno yangu ya mbele yameota. Nikafungua mdomo nimwonyeshe, mtoto mjinga, nikaifungulia mdomo redio. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa karibu, kana kwamba ameinama.

"Zali, mwanangu, sasa weka sikio. Neno hili ni lako wewe, na wewe ndiye utakayenijibu—"

Baba akabonyeza kitufe.

"Betri zimekwisha," alisema.

"Hazijaisha! Ilikuwa inasema vizuri!"

"Nimesema zimekwisha. Kesho kiwandani, kwenye umeme."

Kesho yake darasani sikusikia hata jina langu likiitwa. Nilikimbia njia nzima. Nilimkuta Baba ofisini, mashine imewashwa, redio kaseti imechomekwa waya wake, macho yake mekundu. Nilidhani ni moshi wa kuni.

"Nimeisikiliza," alisema. "Ni salamu na dua."

"Na mimi niisikie."

"Utepe umechoka, Zali. Tukiucheza tena na tena utakatika, na hapo tutakosa vyote." Akavuta kiti chake, akaniweka juu yake. Baba hakuwa mtu wa kukuweka juu ya kiti. "Si ulisema mashine ishike sauti ya mama yako? Tuipe. Ikishashika utamsikia kila siku, hata mimi nisipokuwepo."

Mnajua furaha inayomfanya mtoto ashindwe kuzuia mkojo? Ndiyo niliyokuwa nayo. Niliandika CHARGER mimi mwenyewe, kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Baba akabonyeza kaseti. Magurudumu yake yakaanza kuzunguka. Waya ukiwa ndani ya tundu, spika ya redio kaseti hunyamaza, wote tunalijua hilo. Kwa hiyo Mama aliyasema maneno yake yote hatua moja kutoka uso wangu, na mimi sikusikia kitu. Niliangalia utepe ukihama kutoka upande mmoja kwenda wa pili, nikitabasamu. Kimraba cha kijani kilikonyeza. Mwisho Baba akagusa kitufe na mashine ikaandika PRET.

"Umeona?" akasema. "Imesema tayari. Imeshamshika."

Nilipiga makofi. Nilijua vizuri kwamba huandika PRET kila saa, kwa kila jambo, hata ukikohoa. Nilijua kuliko mtoto yeyote kisiwani. Lakini siku ile nilisoma nilichotaka kusoma.

Akachomoa waya, akarudisha utepe mwanzo. "Haya, sasa tumjibu. Leo wewe utaanza. Mwambie umemsikia."

Akabonyeza vile vitufe viwili. Hakukohoa.

"Mama," nikasema, "ni mimi, Zali. Nimekusikia." Baba alikuwa amechuchumaa karibu yangu, mdomo wake sikioni, nikasikia pumzi ya kahawa. Alininong'oneza, nami nikasema. "Mimi ni mzima. Ninasoma. Nyumba ni nzuri." Akanong'oneza tena. "Mama, mimi nitakaa na Baba."

Nilimtazama. Akaitikia kwa kichwa, endelea. Nilidhani ni adabu tu, ya kumwondolea Mama wasiwasi mpaka hapo Baba atakapotulia. Nikalirudia kwa sauti kubwa zaidi, vizuri, kama mtoto anayesoma sura mbele ya watu. "Nitakaa na Baba."

"Mtoto mwema," Baba akasema, akazima.

Baada ya hapo kaseti haikurudi. Wasafiri walileta salamu, walileta nguo ya Idi, mara moja wakaleta kiatu cha Nassuri kilichokwisha kumbana mguu. Sauti, hapana. Mimi sikuhangaika mwanzoni kwa sababu Mama nilikuwa naye ndani ya sanduku. Kazi ilikuwa kumtoa tu. Niliandika LISTER, mashine ikanyamaza. Niliandika LISTER MAMA, ikaandika ERREUR, yaani kosa. Nilijaribu kila neno la kitabu kile, hata yale nisiyoweza kuyatamka, nikajaribu jina lake, jina langu, jina la kijiji chake. ERREUR, ERREUR. Baba alisema inahitaji kaseti nyingine, ya kutolea sauti, ambayo vazaha ameondoka nayo. Nikamchukia yule vazaha kwa moyo wote. Nilichojua baadaye kuhusu mashine, namna ya kukibana kitu kidogo kidogo mpaka kiseme kina nini, nilikijua katika miezi ile. Kisomo changu ndicho hicho. Shule niliiona kama kelele.

Halafu mkurugenzi akaamua ofisi inahitajika, mashine ipelekwe Mahajanga, huko watajua la kuifanya. Niliposikia, sikulia. Siku ya pili Baba alipokuwa kwenye boila, nilichora chaki, nikafungua, nikatoa bodi ya tatu, nikakong'oa kile kidude chenye kidirisha kwa kisu cha jikoni, taratibu, hata mguu mmoja haukupinda. Waondoke na sanduku lao. Mama atabaki na mimi.

Nilikificha kwa bibi, ukingoni mwa dirisha la jiko, upande wa nje ambako hakuna aliyepita. Na kwa kuwa nilitaka kumwona, nilibandua ile plasta. Kila nilipotoka shule nilipanda juu ya kinu nikachungulia ule mraba wa dhahabu uking'aa. Ulipendeza sana juani. Mvua zilikuwa zimekwisha, na mashine ilikaa ikisubiri meli majuma mengi, mpaka siku ya kuifunga ilipofika. Baba aliiwasha kwa mara ya mwisho. Kioo kikabaki cheusi. Hakuna PRET, hakuna kimraba.

Alipofungua na kuona lile pengo, aliniita. Nilimpeleka kwa bibi, dirishani. Alikichukua, tukarudi ofisini, akakirudisha mahali pake, akawasha. Weusi. Akageuka, na alichosema ninakiandika kama alivyokisema.

"Nilikuambia jua hufuta. Umemfuta mama yako, Zali. Kwa mikono yako."

Labda alikuwa na hasira ya mashine tu. Labda aliona njia ya kulimaliza jambo mara moja. Nimemtafutia sababu maisha yangu yote. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na tangu siku ile niliishi nikijua kwamba Mama amenyamaza kwa sababu nilimwanika juani. Sikumwambia mtu. Shule niliiacha. Tuliporudi Mahajanga nilimfanyia usafi Mhindi mmoja wa redio, nikaanza kumtengenezea redio zake, na habari ya kifo cha Mama ilinikuta chini ya meza nikiokota skrubu. Homa, walisema. Nilimaliza kuokota skrubu.

Mama mdogo Echati, mdogo wake Mama, alirudi Mahajanga mimi nikiwa tayari na duka langu na jina langu mlangoni. Akapanga chumba mtaa wa Tsaramandroso, akawa anakuja dukani kukaa na kunisimanga kwamba sina mume wa maana. Siku moja, mimi nimezama ndani ya friji, akasema tu, kama mtu anayesema bei ya mchele imepanda:

"Wewe ulikuwa na moyo mgumu tangu mdogo. Mama yako kakuita, ukamkataa kwa ulimi wako."

Nikatoa kichwa. "Kaniita lini?"

"Ile kaseti! Mimi nilikuwa pale anazungumza. Alikuwa amekupatia nafasi kwa mama mmoja anayerudi Ngazidja, kila kitu tayari. Akasema, Zali, uje au ubaki, niambie mwenyewe, maneno ya baba yako siyataki. Ukisema unabaki sitakusumbua tena." Akanyanyua mabega. "Ikarudi. Nimekusikia, nitakaa na Baba. Tena umelirudia mara mbili, umelikazia. Alibaki ameishika kaseti siku nzima. Hakutaka mtu aifute."

Nilimweleza yote pale pale. Alipoelewa alifunika uso kwa leso yake, akasema, "Ya Rabi, Madi."

Nilikwenda kwa Baba mchana ule ule. Alikuwa anakaa chumba cha nyuma cha nyumba yangu, nyumba niliyoijenga kwa mikono hii, anakula chakula changu. Alikuwa ameegemea mto akimenya chungwa. Nilimwuliza moja kwa moja, kwa sababu sijui kuuliza kwa kuzunguka. Kisu chake hakikusimama.

"Ulisema mwenyewe," akajibu. "Sikukushika koo."

"Nilikuwa na miaka tisa, Baba."

"Na mimi nilikuwa na nani? Mke kaondoka, mtoto wa kiume kaondoka. Nibaki na boila?"

"Ukaniambia nimemfuta."

Hapo kisu kilisimama. "Hilo," akasema, "sikudhani utaliamini."

Sikumfukuza. Watu wanadhani kisasi ni kumfukuza mtu. Niliendelea kumlisha, kumfulia, kumwitia daktari. Miaka sita. Hatukulizungumza tena.

Alipolala kitandani mara ya mwisho, baada ya sala ya adhuhuri, walikuwepo majirani, mwalimu wa chuo cha Kurani na mama mdogo Echati. Alikuwa na akili zake zote. Aliomba radhi kwa kila mtu, kama inavyopasa, na kila mtu akamwambia amemsamehe. Alipofika kwangu alinishika kiganja, mkono wake mkavu.

"Zali. Niwie radhi."

Mama mdogo Echati akainama, mdomo wake sikioni kwangu, akaninong'oneza: "Sema, nimekusamehe. Sema tu, mwanangu. Ni neno."

Nilimwinua Baba, nikamnywesha maji kwa kijiko, nikamfuta kidevu, nikamlaza kwa ubavu anaoupenda, nikamfunika miguu. Walisubiri. Mwalimu alikohoa. Baba alinitazama mpaka alipochoka akafumba macho, na kabla ya alasiri alikuwa amekata roho.

Majirani wanasema nina moyo wa jiwe. Waseme. Neno lile sikulisema.